Safari ya Kilema: Nani Aliua Michungwa Yangu?



Mwezi wa saba nalisafiri kutoka kijijini kwangu, upande wa Tabora, hata Kilema katika mlima Kilimanjaro. Kijana wangu amemwoa binti wa huko, nami nalikuwa sijapata kuwaona wazazi wake nyumbani kwao. Nalikwenda kuwaamkia wakwe, wala sikwenda kutafuta elimu ya kilimo. Lakini niliyoyaona huko yamenifaa kuliko zawadi zote nilizopewa, tena yameniaibisha. Nitawasimulieni yote mawili, faida na aibu, maana naamini wako wengine kama mimi.

Basi letu lilipita Nzega, Singida na Babati, nikalala Arusha. Kesho yake nikafika Moshi, na kutoka Moshi nikapanda gari dogo lililojaa watu, kuku na magunia. Kwanza tulikwenda katika nchi tambarare ya mahindi na alizeti, yenye jua kali na vumbi. Kisha gari likaanza kupanda. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyozidi kuwa baridi, hata nikavaa koti langu la Misa. Mara nikaona migomba kushoto na kulia, na chini ya migomba kahawa, na juu ya migomba miti mikubwa yenye kivuli. Nikauliza, "Jamani, huu ni msitu au ni shamba?" Mama mmoja akacheka akanijibu, "Baba, hapa ni nyumbani kwa watu."

Kweli ni nyumbani kwa watu. Wachagga wanaliita shamba la namna hii kihamba. Nyumba imo katikati, na shamba limeizunguka pande zote. Vihamba vingi havifikii hekta moja, lakini kila shubiri ya ardhi ina kazi yake. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Maji yanashuka kutoka mlimani kwa mifereji iitwayo mifongo, ambayo mababu waliichimba kwa mikono kabla ya Wazungu kufika. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliweka kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu, huko Uru, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Basi si mimi tu mgeni wa Tabora niliyeshangaa.

Tena Kilema ni mahali pa kukumbukwa na sisi Wakatoliki. Mwaka 1890 Askofu de Courmont alifika mlimani pamoja na Padre Le Roy na Padre Gommenginger, wa Shirika la Roho Mtakatifu, na misioni ikaanzishwa hapo Kilema. Mwishoni mwa karne hiyo mapadre hao wakapanda kahawa katika bustani ya misioni, na kutoka hapo mibuni ikaenea katika vihamba vya watu. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao wenyewe, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Watoto wengi wa mlima ule walisomeshwa kwa kahawa.

Mkwe wangu ni mzee wa miaka zaidi ya 70, mwembamba, mwenye maneno machache. Mkewe ndiye msemaji. Walinipokea kwa furaha, wakanipa mtori wa moto kwa sababu ya baridi, tukasali Rozari pamoja, nikalala.

Asubuhi na mapema wingu lilikuwa limeondoka, nikauona mlima wote, mita 5,895, na theluji yake kileleni. Nalikuwa bado nautazama nikamsikia mkwe akikohoa nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Nikamkuta bandani kwa ng'ombe, ameshika reki.

Huko hawachungi ng'ombe kama sisi. Nchi imejaa, hakuna mahali pa kuchungia. Ng'ombe wawili na mbuzi watano wa mkwe wangu wanakaa bandani siku zote, nao wanaletewa chakula: majani ya migomba, vipande vya mashina ya migomba iliyokwisha kukatwa, mabingobingo yaliyopandwa kandokando ya mfereji, na majani yanayotoka nchi tambarare kule chini. Sakafu ya banda imeinama kidogo. Juu yake mkwe hutandika majani makavu ya migomba, nayo hunywa mkojo wa ng'ombe. Mkojo unaobaki unapita katika kijifereji hata shimoni, ili usipotee.

Nikamwambia, "Mkwe, hata mkojo mnauhifadhi?"

Akajibu, "Mkojo una nguvu kuliko mavi. Ukiuacha ukapotea, umetupa nusu ya mbolea yako."

Kisha akanionyesha lundo la samadi. Lipo kivulini, chini ya migomba, nalo limefunikwa kwa majani ili jua lisilikaushe na mvua isilioshe. Kwa kweli yako malundo matatu: moja bichi, moja linaloiva na moja lililoiva. Katika kila lundo amechomeka kijiti kirefu. Akachomoa kijiti cha lundo la pili, akaniambia nikishike. Kilikuwa cha moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Akachomoa kijiti cha lundo la tatu, nacho kilikuwa baridi. Akachota samadi ya lundo lile kwa mkono, akanipa. Ilikuwa nyeusi, laini, inavunjikavunjika, wala hainuki. Ilikuwa na harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua.

Akasema, "Samadi ni kama chakula cha mtoto. Humpi mtoto unga mbichi. Lazima uive. Hii imekaa miezi mitatu, nami nimeigeuza kila baada ya wiki tatu. Ile ya moto ukiutilia mti, utaunguza mizizi yake."

Niliposikia maneno hayo, moyo wangu ulishtuka. Sasa ndugu wasomaji, naingia katika aibu yangu.

Miaka minne iliyopita nalipanda michungwa 12 karibu na nyumba yangu. Nalitumaini kwamba matunda yake yatanisaidia ada ya watoto. Niliimwagilia kwa ndoo wakati wa kiangazi, nayo ikashika vizuri. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokaribia, nilitaka kuifanyia wema mkubwa. Nikazoa mavi ya ng'ombe zizini, mabichi kabisa, nikachanganya na mavi ya kuku, nikalundika kuzunguka kila shina. Lundo lilifika magotini. Nikajisifu mbele ya majirani kwamba mwaka huo watakula machungwa yangu.

Mvua zikanyesha. Baada ya mwezi mmoja majani yakaanza kuungua pembeni, kisha yakawa ya manjano, kisha yakapukutika. Shinani, karibu na ardhi, ganda likapasuka, ukatoka utomvu kama gundi, na ukikwaruza ganda unaona limeoza, lina rangi ya kahawia. Kabla ya mwaka kwisha miti saba ilikuwa imekufa, na mitano iliyobaki ilikuwa migonjwa.

Nina jirani. Tulikuwa tumegombana kwa sababu ya mbuzi wake walioingia shambani mwangu. Nilipouona ule utomvu nikasema, "Hii ni sumu. Mtu amemwaga kitu." Sikulisema moyoni tu. Nililisema kilabuni, mbele za watu, nikalitaja jina lake. Wengine wakaongeza neno la uchawi, nami sikuwakataza. Tangu siku ile hatukuamkiana. Tunasali kanisa moja, na Padre anapotualika tutakiane amani, mimi hugeukia upande wa pili. Mtoto wake alipougua sikwenda kumwona. Mwaka mzima na zaidi ulipita hivyo.

Haya yote nilimweleza mkwe wangu pale pale penye lundo. Nilieleza habari ya miti tu, na sumu, na jirani mbaya. Yeye hakuniuliza habari za jirani. Aliniuliza maswali manne.

"Samadi yako ilikuwa imekaa siku ngapi?"

Nikasema, "Niliizoa asubuhi, nikaiweka mchana."

"Uliichanganya na mavi ya kuku?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Iligusa shina?"

Nikasema, "Ililifunika hata magotini."

"Na mvua ilinyesha juu yake?"

Nikasema, "Ilinyesha sana."

Akanyamaza kidogo, akainama kuchukua jembe lake. Kisha akasema, "Mkwe, hakuna sumu hapo. Mavi mabichi yana joto na ukali, na ya kuku yanazidi kwa ukali. Hayo yaliunguza mizizi. Na shina la mchungwa halipendi unyevu. Likifunikwa na kitu chenye maji siku nyingi, linashikwa na ugonjwa wa kuoza, na dalili yake ni huo utomvu. Miti yako uliiua mwenyewe, kwa kuipenda vibaya."

Sikuwa na la kujibu.

Akanichukua kihambani, akanionyesha namna anavyofanya yeye. Alisimama penye mbuni mmoja akasema, "Mti hauli kwa shina. Mti unakula kwa mizizi myembamba, nayo iko mbali na shina, chini ya ncha za matawi. Tazama kivuli cha mti saa sita mchana: pale kivuli kinapoishia ndipo mezani pake." Basi alikwangua udongo juu juu kwa jembe, akifanya duara chini ya ncha za matawi, pasipo kuchimba sana, kwa maana mizizi ya mbuni iko karibu na uso wa ardhi. Akatandaza samadi iliyoiva, debe moja kwa mbuni mmoja, akaichanganya na udongo kidogo, kisha akafunika kwa majani makavu ya migomba. Penye shina akaacha nafasi wazi zaidi ya shubiri moja. Kwa mchungwa aliniambia niache dhiraa nzima.

Kwa mgomba anafanya vingine. Kwa kuwa nchi imeinama, anaweka samadi upande wa juu tu, kwa mfano wa mwezi mwandamo, ili mvua ikinyesha iteremshe chakula kwenda kwa mgomba. Ukiweka upande wa chini, mvua itampelekea jirani yako.

Nikamwuliza kwa nini asinunue mbolea ya chumvichumvi dukani, akapumzika. Akasema kwamba ananunua kidogo kwa mahindi ya shamba la chini, wala hasemi ni mbaya. Inafanya kazi upesi, lakini ni chakula bila mwili; hailainishi udongo wala haishiki maji. Samadi inafanya kazi polepole, lakini inaujenga udongo wenyewe. "Kila gunia la kahawa ninalouza," alisema, "linaondoka na nguvu ya kihamba. Kila ndizi inayokwenda sokoni hivyo hivyo. Nisiporudisha kitu, nitakuwa kama mtu anayechota akiba bila kuweka. Majani ya mgomba yanaingia kwa ng'ombe, samadi ya ng'ombe inarudi kwa mgomba. Baba yangu alifanya hivyo, na yeye amelala pale." Akanionyesha kaburi la baba yake, lenye msalaba, katikati ya migomba.

Lakini nisiwadanganye kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Jioni nilimwona mama akirudi na mzigo wa majani kichwani, umemfunika hata mabegani. Ni mwanamke mzee. Nikampokea mzigo, na shingo yangu iliuma siku mbili. Akaniambia, "Baba, sisi wawili tumezeeka. Kitinda mimba wetu, ambaye kihamba hiki ni chake kwa desturi, anafanya kazi Dar es Salaam. Anakuja Krismasi, anakula, anafurahi, anarudi. Ng'ombe wakiondoka, samadi imeondoka. Samadi ikiondoka, utaona migomba inavyokonda." Mzee alikuwapo, hakusema neno. Nilielewa kwamba jambo hilo wamekwisha kulizungumza mara nyingi usiku. Vijana mnaosoma gazeti hili mkiwa mjini, mkirudi nyumbani Krismasi, shikeni reki angalau siku moja.

Usiku wa mwisho nilishindwa kulala. Nikawaeleza wote wawili yale niliyoyaficha: jinsi nilivyomtaja jirani yangu kilabuni. Mama akatoka nje na tochi, akarudi na tawi la mmea wenye majani marefu, akaliweka mezani. Mmea huo unaitwa isale. Wachagga wanaupanda mpakani mwa vihamba. Tena mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, nalo ni jambo zito kumkataa mtu aliyekuja na isale. Mama akasema, "Huko kwenu hawalijui. Lakini wewe sasa unalijua. Inatosha."

Nilifika nyumbani siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa jirani yangu na lile tawi, limekwisha kunyauka. Alikuwa anatengeneza mpini wa shoka mlangoni. Hakunikaribisha kiti. Nikasema nikiwa nimesimama: miti yangu niliiua mimi, kwa samadi mbichi, nami nilikusingizia mbele za watu, naomba unisamehe; na hayo hayo nitayasema kilabuni, mahali pale pale nilipokusingizia. Nikamweleza na maana ya lile tawi. Alinyamaza kwa muda mrefu, akiendelea kuchonga. Mwisho akasema, "Mke wangu aliacha kuchota maji kisimani mchana kwa sababu ya maneno yako. Ulijua hilo?" Nikasema sikujua. Akasema, "Nenda kwanza kilabuni." Nikaenda siku ile ile, nikasema mbele ya wote. Jumapili, wakati wa kutakiana amani, yeye ndiye aliyenipa mkono kwanza.

Ile michungwa mitano tuliitazama pamoja. Tuliondoa lundo lote, tukafukua udongo mpaka mashina yakawa wazi, tukakwangua ganda lililooza na kuacha hewa na jua vipite. Mmoja ulikuwa umekwisha, tukaung'oa. Minne imetoa majani mapya. Samadi yangu sasa iko kivulini nyuma ya nyumba, imefunikwa, na kijiti kimechomekwa ndani yake. Jirani hupita akakishika, akaniambia, "Bado." Mvua zikikaribia tutaigawa, maana na yeye ana miembe michanga.

Ndugu wasomaji, katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu anatupa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, lakini mtunza shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, apate kuulimia pande zote na kuutilia samadi. Nalisikia Injili hiyo mara nyingi tangu utoto wangu. Zamani nalifikiri habari ya mti tu. Sasa naona kwamba yule mtunza shamba aliijua kazi yake, aliulimia mti pande zote. Na naona pia kwamba mti ule uliopewa mwaka mmoja zaidi ni mimi.

Basi ninyi wenye ng'ombe, mbuzi au kuku, msiache samadi ikakauka bure zizini. Ikusanyeni pamoja na majani ya kutandikia, ifunikeni kivulini, igeuzeni, ngojeni mpaka kijiti kitoke baridi. Iwekeni kabla ya mvua, chini ya ncha za matawi, wala isiguse shina. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kuishika. Na mti wako ukinyauka, chimba kwanza utazame mizizi yake na shina lake, kabla ya kulitaja jina la mtu.